OIL, neno la ukuta wetu

Enzi zetu kule Majengo, karibu na ziwa, vitabu vya Kiingereza hatukuvinunua. Tuliishi ndani yake. Nyumba yetu ya mbao ilizibwa nyufa kwa mikebe ya mafuta ya msaada, iliyopasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo, na kila mkebe uliandikwa OIL. Kuta zilisema OIL pande zote, hata mlango wa choo. Jua likiwaka, nyumba ilinuka mafuta, na sisi ndani tulikula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta.

Papa na mama walipokufa, mimi mkubwa, waliyeniita yaya, niliacha shule ili wadogo zangu wawili wasome. Mama alizoea kusema tukilima, "Mustari ya maharagi haiachwe katikati."

Furaha, aliyenifuata, alipofikisha miaka kumi na miwili alitaka kuacha naye, akauze ndizi. Nilikataa. Akanyoosha kidole ukutani.

"Yaya, ile neno inatoka wapi? Haujue? Basi usinitume ku masomo."

Maana niliijua: mafuta. Asili sikuijua. Nikaenda kwa miguu hadi mtaa wa Katindo, kwa muzee Anselme, mwalimu mstaafu wa upande wa Bukavu. Kwake swali moja lililipwa kwa bidon moja ya maji, dumu zima. Nililipa.

"Ilizaliwa ku muzeituni, ule wa mu Biblia," alisema. "Wagiriki walikamua zeituni, Warumi wakakamata neno, Wafaransa wakaipata kwa Warumi, leo wanasema *huile*. Waingereza waliikamata kwa Wafaransa. Kisha mafuta yote ikaitwa vile, hata ya motokari."

Nilimfikishia Furaha yote bila kupunguza. Akatazama ukuta.

"Kumbe bati yetu haijaona zeituni?"

"Hata moja."

"Na Wagiriki walitoa wapi neno?"

"Ile uliza ku masomo," nikamwambia. "Mimi nimechoka kubeba maji."

Jumatatu akaenda. Hakutaka tena kuacha, mpaka akapata diplome ya kumaliza sekondari.

Siku hizi watoto wake wanauliza simu, nayo inawajibu kabla hawajatoka kitandani. Kesho yake wamesahau, wanauliza tena. Tungekuwa sisi, kwa bei ya muzee Anselme, tungemaliza maji yote ya ziwa. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusema ataacha shule. Mama yao yuko, na papa yao yuko.