Dada wa Kupima Simu

Dada wa utafiti amekuja Mbegani kupima simu zinawalia wazazi muda gani ambao ungekuwa wa watoto wao. Kazi yote anaifanya kwa kidole gumba. Hukaa pembeni ya mkeka, saa ya kupimia ikining'inia shingoni, na baba yake Adila akiinamia simu, kidole kinabonyeza. Akiinua macho kumtazama mwanawe, kinabonyeza tena. Mihogo aliyotengewa dada haigusi. Hasemi neno, maana ameagizwa awe kama ukuta. Akitaka kucheka, huvuta ushungi mpaka puani, mabega yakatikisika.

Alasiri moja Adila alirudi kutoka madrasa. "Shikamoo baba." "Marahaba. Haya, kacheze nje," baba akajibu, macho kwenye simu. Adila akazunguka nyumba, akaingia tena. "Shikamoo baba." "Marahaba. Haya, kacheze nje." Ushungi ukapanda puani. Mara mlangoni, "Hodi wenyewe!" Alikuwa bibi yake Adila, mama mkwe wa baba, katoka Lugoba na kuku mkononi. "Marahaba," akajibu baba. Bibi akaganda, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Ukuta ukashindwa kuvumilia: "Nimemwamkia mimi, bibi! Ni mimi!" Kumbe ana sauti nyembamba, kama ya mtoto aliyevunja chungu. Bibi akamtazama, akamtazama na mkwewe anayechekea kioo cha simu. Akamtua kuku taratibu. "Basi na mimi zamu yangu," akasema. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Haya, kacheze nje."