Boga la Fungu la Nne

Babu zangu walikuwa wapagazi. Walibeba pembe za ndovu kutoka huku kwetu Unyamwezini hadi pwani, kwa miguu, na waliporudi ndipo walipohesabiwa kuwa wanaume kamili. Mimi nilikuwa karani wa vifurushi hapo stesheni ya Tabora. Kwa mkono wangu nimepeleka vitanda Kigoma, cherehani Mwanza na kuku hai Mpanda, lakini mwenyewe nilikuwa sijavuka Kaliua, na hata hiyo Kaliua nilikwenda mara moja tu, msibani, nikarudi na treni iliyofuata. Mke wangu alizoea kuwaambia wageni, "Huyu mkitaka kumwua, mpeni likizo na tikiti." Nilikuwa na kiti changu cha kamba barazani, nilikuwa na redio, na cheti changu cha kidato cha nne kilikuwa ukutani ndani ya kioo. Sikuona mtu anatafuta nini zaidi ya hapo.

Kisha ukaja mwaka ambao mvua ziligoma. Unga mweupe ukapotea madukani, tukaanza kula ule wa njano ulioletwa kwa meli, na redio yangu mwenyewe, niliyoipenda, ikanigeuka. Kila nikiifungulia inasema kila mtu alime, wa kijijini alime, wa mjini alime, na makarani pia walime. Niliipunguza sauti lakini haikusaidia, maana balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa na redio pia.

Balozi huyo alitujua. Alijua kwamba tukipewa kila mtu kishamba chake tutavuna majani. Kwa hiyo alikwenda kuongea na akina mama wanane wa kijiji cha ujamaa kilichokuwa mwendo wa saa moja kutoka kwetu, kando ya njia ya zamani ya kwenda Ujiji. Akina mama hao walikuwa na shamba zuri bondeni, udongo wake haukukauka upesi, ila mikono ilikuwa haitoshi. Wakaelewana hivi: kila nyumba ya mtaa wetu itatoa mtu mmoja wa kulima kila Jumamosi tangu mvua za kwanza, na shamba likianza kutoa, kila Jumamosi tutagawana na akina mama chochote kilichopatikana wiki hiyo. Kikiwa kingi, kingi kwa wote. Kikiwa kidogo, tunarudi na kidogo na hakuna kununa.

Mimi nililima. Nasema nililima kwa sababu jembe nilikuwa nimelishika. Akina mama wakimaliza mistari mitatu mimi nilikuwa kwenye wa kwanza, na huo wa kwanza ulikata kona kama reli ya Mpanda inavyoiacha ya Kigoma. Jirani yetu, mama wa Kihindi mwenye duka la kona, alikuwa na miguu mibovu, kwa hiyo yeye alitoa mbegu na magunia. Lakini alikuja hata hivyo, akakaa juu ya gunia pembezoni, aking'oa magugu yaliyo karibu na mkono wake na kutusimamia sisi wengine.

"Karani!" alikuwa akinipigia kelele. "Wewe nalima au naandika barua?"

"Nalima, mama."

"Basi futa hiyo, andika upya."

Mwenyekiti wa shamba alikuwa mama mzee, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Kazi ya kugawa ilikuwa yake. Mavuno yalipangwa chini katika mafungu kumi na manane, kumi ya nyumba zetu na manane yao, kwa mstari. Mtu mmoja alisimama mbele, akiwa amewapa watu wote mgongo ili asione kitu. Mwenyekiti alipomaliza kupanga alielekeza fimbo kwenye fungu la kwanza na kuuliza, "Hili la nani?" Yule aliyegeuka akajibu, "La fundi cherehani," au "La balozi," au jina la nyumba yoyote iliyomjia, na fungu likawa la nyumba hiyo. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu hakuna wa kumlalamikia. Aliyepanga hakujua ni la nani, na aliyetaja hakuona lina nini.

Kazi hiyo ya kugeuka nilipewa mimi, tena kwa sifa.

"Huyu hajui tofauti ya kunde na choroko," mwenyekiti aliwaambia wote. "Hawezi kupendelea kitu asichokijua."

Nilifurahi sana. Ilikuwa kazi ya kusimama tu.

Basi mwaka ule nikajifunza majira kwa kikapu. Kwanza majani ya kunde, halafu mlenda, halafu wiki mbili za uyoga uliookotwa porini, halafu mahindi mabichi, mafupi kama vidole lakini matamu. Mke wangu akaacha kunicheka kwa muda. Jumamosi nikirudi alikuwa akinipokea kikapu kwa mikono miwili.

Mtu ambaye kikapu hakikumgusa alikuwa mama yangu.

Alikuja kukaa kwetu mwaka uleule, baba alipofariki. Kijiji chao kilikuwa kimehamishwa, akapata nyumba mpya kwenye mstari mpya, na hakuwa na mtu wa kukaa naye humo. Kwangu alikaa vizuri, alisalimia majirani, alisokota kamba za kiti changu zilizolegea. Ila hakula. Alikuwa akimega tonge tatu za ule ugali wa njano, ananawa, anasema, "Nimeshiba, wanangu." Mashavu yakaingia ndani. Kanga aliyokuwa akijifunga mara moja ikazunguka karibu mara mbili. Nilimpeleka zahanati, mganga akampima, akasema haoni ugonjwa, apewe anachokipenda. Tukamwuliza anapenda nini. Akasema chochote. Mke wangu akapika chochote cha kila aina, na mama akamega tonge tatu.

Ijumaa moja jioni alikuwa amekaa barazani nami, redio inaongea. Akasema bila kunitazama, "Huko shambani kwenu, maboga yameshaiva?"

"Nadhani yanaanza, mama."

"Kwetu tulikuwa tunayapika na karanga."

Basi. Lakini mke wangu, aliyekuwa ndani akisikiliza, alichungulia mlangoni na kunitazama kwa macho makubwa. Kwa miezi hilo lilikuwa jambo la kwanza mama kulitaja linaloingia mdomoni. Nilielewa kwamba kesho nisirudi bila boga.

Kesho yake maboga yalikuwepo. Yalikuwa matatu.

Matatu, mafungu kumi na manane. Mwenyekiti alikataa kuyakata. Alisema boga likikatwa vipande kumi na vinane linakuwa uchafu wa mkononi, bora nyumba tatu zile zishibe, na wiki ijayo mengine yataiva. Nilitaka kusema jambo. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini niliona haya. Nikafikiri, nikisema mama yangu hali, fundi cherehani naye ana mama, balozi ana watoto, nani hana mtu nyumbani? Nikafunga mdomo, nikageuka.

Mbele yangu ilikuwa ile njia ya zamani na miembe yake mizee. Nyuma yangu mwenyekiti alianza kupanga. Majani ya kunde yakiwekwa chini hayana sauti. Mahindi yanagongana kidogo. Lakini boga, hata uliweke kwa adabu namna gani, linasema *pu*. Nikahesabu hatua zake. Fungu la kwanza, la pili, la tatu. La nne: *pu*. La saba: *pu*. La kumi na tano: *pu*. Elimu yangu ya sekondari haikuwahi kunifaa kama asubuhi ile.

"Hili la nani?"

"La balozi."

"Hili la nani?"

"La mama wa duka."

"Hili?"

"La fundi cherehani."

"Na hili la nani?"

"La kwangu," nikasema, na sauti ikatoka nyembamba kama ya mtoto wa kwaya.

"Hee! Leo karani ameokota!" mtu akashangilia. Nikageuka mwishoni kabisa na kujifanya nimeshangaa. Nadhani nilishangaa vizuri.

Nyumbani mama aliliona boga likitoka kikapuni, akasimama. Alilipapasa, akaligonga kwa kidole, akalisikiliza, akatabasamu. Kisha akamwambia mke wangu, "Nipe kisu, mwanangu. Wewe twanga karanga." Mke wangu alikimbia. Nami kwa furaha, mtu mjinga, nikaona niwachekeshe. Nikasimulia yote: hatua, *pu*, fungu la nne. Mke wangu alicheka. Mama aliweka kisu chini.

"Ulisikiliza?"

"Kidogo tu, mama."

"Kwetu mimi ndiye niliyekuwa nageuka," akasema. "Tangu sijaolewa mpaka tulipohamishwa. Mtu akiiba kuku wa jirani, anajua amemwibia nani. Akitubu anajua pa kwenda. Wewe boga hili umemwibia nani?"

Nikafikiri. "Sijui."

"Basi umewaibia wote. Lirudishe."

"Mama, utakula nini?"

"Nitakula huo unga wenu wa njano," akasema, kama mtu anayetishia. Akarudi barazani na kukaa, na nikaona jinsi shingo yake ilivyokuwa nyembamba.

Nikalifunga boga kwenye keria ya baiskeli na kurudi njia ileile kwenye jua la saa nane. Mwenyekiti alikuwa mbele ya nyumba yake akibangua karanga. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akalitazama boga, akanitazama mimi, akaendelea kubangua.

"Mama mwenyekiti, nimekuja kusema kwamba leo nilipogeuka..."

"Ulihesabu. Tulikuona."

"Mlinionaje? Nilikuwa nimewapa mgongo!"

"Na mikono ulikuwa umeiweka wapi?"

Nikakumbuka. Nilikuwa nimeifunga nyuma, kama mwalimu anayekagua mstari.

"Kila nikiweka fungu unakunja kidole," akasema. "Watu wote tunaangalia. Nilipofika la nne ukakikamata kidole kile kama unaogopa kitaanguka. Mama wa duka alijiziba mdomo kwa sari asicheke."

"Mbona hamkusema?"

"Tulijiuliza, huyu ana nini? Wewe ni mvivu, karani. Mvivu hapendi kuiba, kuiba ni kazi. Nikasema kuna jambo nyumbani kwake, ngoja aje mwenyewe aseme. Haya, sema."

Nikasema. Nilimwambia kuhusu baba, kuhusu tonge tatu, kanga, mganga wa zahanati, na maneno ya Ijumaa. Nilitegemea anihurumie. Badala yake alisimama, maganda ya karanga yakamwagika, na hapo ndipo alipokasirika kweli.

"Una mgonjwa ndani na umenyamaza? Fungu la mgonjwa linatoka kwanza! Linatoka kabla hatujapanga kitu! Nani hajui hilo?"

Mimi nilikuwa silijui. Nilijua urefu wa mito ya Afrika, nilijua nauli ya kitanda hadi Kigoma, lakini hilo ambalo watoto wa kijiji kile wanalijua kabla ya kuota meno ya pili, nilikuwa silijui. Nilikuwa nimeiba kitu ambacho kama ningefungua mdomo ningepewa cha kwanza, tena kwa mikono miwili.

Alilichukua boga langu na kuliweka ndani. "Hili linarudi kwenye lundo la Jumamosi, litagawiwa upya." Akatoka na jingine, dogo kidogo. "Fungu la saba ulinitaja mimi. Unakumbuka? Basi hili ni la mama yako, si lako. Na haliendi peke yake."

Akafunga karanga kwenye pindo la kanga, akapanda kwenye keria akiwa amekaa upande, boga mapajani.

"Twende. Na usiniangushe."

Kwa saa moja na zaidi, juu ya mchanga wa njia ile, nilimbeba mwenyekiti, boga na karanga, huku akinihimiza mlimani kama anavyohimiza ng'ombe. Nilitoka jasho mpaka kwenye viatu. Niliwafikiria babu zangu. Nadhani hata wao wangeomba kupumzika kwenye daraja la njiani.

Wale wanawake wawili walipoonana walisalimiana kwa Kinyamwezi, salamu ndefu yenye maswali ya mvua, ya watoto, ya waliokufa. Mama aliposikia habari ya fungu la mgonjwa, alisema, "Mimi si mgonjwa." Mwenyekiti akamjibu, "Aliyegeuka hapangi, na anayepewa habishi. Leta kisu." Wakatufukuza jikoni, mimi na mke wangu. Tulikaa barazani kama wageni kwenye nyumba yetu, tukisikia kicheko cha mama, ambacho mke wangu alikuwa hajawahi kukisikia.

Mama alikula bakuli moja. Akakwangua. Akalisukuma bakuli mbele kidogo, na mwenyekiti, akiwa katikati ya maneno mengine, akalijaza tena bila kuuliza.

Wakati wa kuondoka mwenyekiti akasema, "Tatizo lililobaki ni nani atageuka Jumamosi. Huyu vidole vyake vinasema."

"Mimi," akasema mama.

Jumamosi nilimpeleka kwa baiskeli. Mimi nilipewa jembe, na mama wa duka akanikaribisha kwa sauti kubwa: "Karani amerudi kwenye daftari!" Wakati wa kugawa mama alisimama mahali pangu, akaitazama njia. Kisha, kwenye jua lile, akaishika kanga yake na kujifunga kichwa na masikio, mara mbili, akaikaza kama mtu mwenye baridi. Ilibidi mwenyekiti apige kelele kila fungu: "HILI LA NANI?"

Siku hiyo maboga yalikuwa matano, pamoja na lile langu la wizi. Sisi tulipata majani ya kunde na mahindi manne, mawili yameliwa na wadudu. Nililalamika njia nzima ya kurudi. Mama, nyuma kwenye keria, alikuwa akimenya hindi moja na kulitafuna bichi.