Ukurasa wa Tatu wa Mama Mkwe

Siku ya kwanza ya mafunzo nilikuwa bingwa. Tulikuwa wauguzi sita wa chumba cha upasuaji, hapa Gisenyi, tukifundishwa namna ya kuuchukua mfupa wa mtu aliyekubali kuutoa, kuufunga na kuuhifadhi kwenye baridi kali hadi apatikane wa kuwekewa. Mazoezi tulifanyia miguu ya mbuzi kutoka sokoni. Wenzangu walikata kama watu wa kuni. Mimi nilikata taratibu, safi, na mwalimu wetu, daktari mwanamke kutoka Kigali, akawaambia wote watazame mkono wangu. Basi, kichwa kikavimba. Jioni nilimsimulia mke wangu habari za mkono huo mpaka akaniuliza kama ule mguu wa mbuzi ulibaki, autie supu.

Siku ya pili mwalimu alisema msumeno ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kumuuliza mtoaji maisha yake, kurasa tatu nzima, maana ugonjwa wake unaweza kusafiri na mfupa wake. Akaongeza kwamba mtoaji akiwa ndugu yako, karatasi mpe mwenzako. Nilimsikia vizuri sana. Niliona anawaambia wengine.

Mtoaji wangu nilikuwa naye tayari. Mama mkwe, aliyevuka mpaka wa kwenda Goma, pale Grande Barrière, na mizigo ya vitenge maisha yake yote mpaka nyonga ikagoma, alikuwa anawekewa nyonga ya bandia wiki ile ile. Kichwa cha mfupa wake wa paja, chenye ukubwa wa chungwa dogo, kingetupwa tu. Mwenyewe alisema kama kuna mtoto wa watu kinaweza kumsaidia, wamchukulie, atafurahi. Na wodini alikuwepo kijana ambaye mguu wake uliovunjika ulikataa kuunga. Mimi, kwa upande wangu, nilihitaji faili moja kamili ili nipate cheti. Mwenzangu mmoja alijitolea kumuuliza badala yangu. Nikamwambia huyu ni mama yangu, namuweza.

Ukurasa wa kwanza, jina na umri, ulipita. Wa pili, dawa anazomeza, ukapita. Nikafungua wa tatu. Swali la kwanza lilitaka kujua mama mkwe wangu amewahi kulala na wanaume wangapi.

Jamani! Mimi ambaye mbele yake hata ndizi naitafuna kwa adabu. Masikio yaliwaka moto. Nikakohoa, nikailaumu kalamu, kisha nikateremka ukurasa mzima nikiweka sufuri na Hapana, Hapana, Hapana, mpaka chini. Nikamgeuzia karatasi atie sahihi.

Nilisahau huyu ni nani. Mtu aliyezeeka na makaratasi ya forodha hatii sahihi asichokisoma. Alivaa miwani, akaanza kusoma, kidole kikitembea mstari kwa mstari. Mimi nikawa natazama dirishani kana kwamba sijawahi kuona ziwa.

"Mukwe, hii ukurasa ya tatu hukuniuliza," akasema. "Uliniogopa?"

Nikakiri kwamba nilimwogopa.

"Bon, mi sikuogopi. Ile ya kwanza andika mumoja, Mungu amurehemu. Lakini hii ya ini, andika ndiyo. Walinipimaka kule Goma, wakasema niko na hepatitis B. Hakuna mutu aliniuliza tena, nikafikiri iliisha."

"Ilikuwa lini, mama?"

"Wakati nilikuwa na mimba ya mutoto wangu wa mwisho."

Mtoto wake wa mwisho ni mke wangu. Na ugonjwa huo mama huweza kumpa mtoto wakati wa kuzaa. Mke wangu naye alikuwa na mimba ya miezi mitatu, hajaanza kliniki, kwa sababu mumewe, muuguzi mwenye mkono wa kusifiwa, kila mara alisema tutaenda wiki ijayo. Niliogopa mpaka mkono huo ukashindwa kuandika ile "ndiyo", akaiandika mama mkwe mwenyewe.

Mwalimu nilimweleza yote. Alinifokea sawasawa, mbele ya wenzangu, na cheti akaninyima. Kijana wa wodini ikabidi asubiri mfupa wa mtu mwingine. Mama mkwe alilia kidogo aliposikia wake utatupwa. Alitaka kutoa kitu.

Kesho yake nilimpeleka mke wangu kupimwa. Anao. Ana afya njema, anafuatiliwa, na kliniki hakukosa tena hata siku moja, maana mama yake ndiye aliyemsimamia, si mimi. Binti yetu alichomwa sindano ya kinga saa ile ile aliyozaliwa, kabla hatujampa jina. Mama mkwe alikuwepo, amesimama juu ya nyonga yake mpya. Alimtaka mkunga amwonyeshe karatasi ya ile sindano, akavaa miwani, akaisoma yote.