Laini ya Katikati

Mpaka leo nikisikia neno laini, huacha ninalolifanya. Wengine wakilisikia huwaza laini ya simu au laini ya kungojea maji. Mimi huona udongo mwekundu umerundikwa kutoka ukingo mmoja wa kiwanja hadi mwingine, na mama yangu amesimama juu yake, jembe begani, akingoja nimsifu.

Kiwanja chenyewe si chetu. Ni cha kanisa, hapa Kathonzweni, kwenye mteremko mdogo kati ya jengo la ibada na mto ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Klabu yetu ya wanawake ilikuwa ikikitumia kwa hisani. Mimi ndiye kocha, ingawa mchana utanikuta kwenye cherehani nikishona sare za shule. Mwaka ule mwenyekiti wa wazee wa kanisa aliniita baada ya ibada akaniambia, kwa upole ulionitisha kuliko kelele, kwamba wanataka kujenga ukumbi na mahali pa ukumbi ni pale pale tunapochezea. Tungekaa hadi mvua za mwisho wa mwaka. Baada ya hapo Mungu angetuonyesha mahali pengine. Nilitembea Kathonzweni yote nikimsaidia Mungu kutafuta, na hapakuwa na mahali pengine.

Ndipo ofisa wa michezo wa kaunti aliponipigia simu. Mashindano ya wanawake yanakuja, timu kutoka nchi jirani, mechi zitachezwa mjini Wote. Kila timu ya wageni inahitaji kiwanja cha mazoezi, na kuna mtu ametaja chetu. Nilishtuka hadi nikajidunga sindano, damu ikaingia kwenye kola ya shati la mtoto wa watu. Nikamwambia arudie, akarudia. Kiwanja kitakachochaguliwa kitapata magoli ya chuma, ua na bomba la maji, na vyote vitabaki hata wageni wakiondoka. Meneja wa timu mojawapo angekuja Alhamisi kukagua.

Nilimkimbilia mwenyekiti wa wazee. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama magoli yetu ya miti, moja limeinama kama mlevi, akatazama na mbuzi waliolala kwenye kisanduku cha penalti. Alisema wageni wakikichagua, tukae, ukumbi utatafutiwa upande wa pili wa barabara. Wakikikataa, tutoke bila maneno. Nadhani alikubali haraka kwa sababu hakuona hatari yoyote.

Basi nilihitaji mikono mingi kwa siku moja, na mikono mingi kwetu ni mwethya. Mwethya ni kikundi cha kusaidiana: leo wanawake wote wanalima kwako, wiki ijayo kwa mwenzako, na zamu yako ikifika hakuna anayekosa. Zamu yangu ilikuwa imefika Jumatano ile. Walikuwa waje kunichimbia mtaro kwenye shamba langu, ambalo kila mvua hulichukulia udongo ikaupeleka mtoni. Nikawaambia waache shamba, waje kiwanjani.

Tatizo ni kwamba mwenyekiti wa mwethya ni mama yangu. Mama hakuwa amekanyaga kiwanja kile tangu nilipoanza kucheza nikiwa msichana. Alikuwa na msemo wake: mwanamke anapiga jembe, hapigi mpira. Nilipovunjika kifundo cha mguu aliniuguza vizuri sana, na kila akinifunga kitambaa alikuwa akiuliza kama jembe lilishawahi kunifanyia hivyo. Lakini zamu ni zamu. Aliuliza tu waje saa ngapi.

Jumatano nililazimika kwenda mjini Sultan Hamud kutafuta nyavu za magoli na chokaa ya kuchorea uwanja. Saa sita mchana nikampigia mama simu.

"Mwaitu, mmefika?"

"Tulifika asubuhi. Mashimo tumeziba, miiba tumekata, mbuzi tumefukuza. Saa hii tufanye nini?"

Nikaona furaha imenijaa kifuani. Nikamwambia kana kwamba nimempigia simu kocha mwenzangu yeyote:

"Pigeni laini hapo katikati. Itoke upande huu ifike upande ule. Na iwe sawa kabisa, hao wageni wanaangalia sana laini."

"Laini usijali," akasema, na nikasikia sauti yake imechangamka. "Laini ndio kazi yetu."

Nilidhani atachukua majivu, kama wasichana wangu walivyozoea, amwage mstari mweupe mimi nije nipitishe chokaa juu yake. Sikukumbuka nilikuwa nikizungumza na nani. Kwa mwanamke wa Ukambani aliyezeekea kwenye mwethya, laini ni kitu kimoja tu: unasimamisha fimbo mbili, unafunga kamba katikati, unaning'iniza pima maji kwenye kamba, na pale inapokaa sawa ndipo unapochimba mtaro wa fanya juu. Udongo unaurusha upande wa juu, maji ya mvua yanakwama, shamba linapona. Na wanawake hawa walikuwa wametoka nyumbani wakiwa na pima maji yao, maana siku ile awali ilikuwa ya mtaro wangu.

Nilifika saa kumi na mfuko wa chokaa mgongoni. Niliwasikia wakiimba kabla sijawaona, nikaanza kuimba nao njiani. Nikapita kona ya kanisa. Nikaacha kuimba.

Mtaro ulikuwa umekatiza kiwanja nusu kwa nusu. Ulinifika magotini kwa kina. Udongo wake ulikuwa umerushwa upande wa juu, umepigwapigwa kwa jembe, umenyooka kwa namna ambayo sijawahi kuiona hata kwenye picha za wataalamu wa kilimo. Mama alikuwa amesimama juu ya tuta.

"Laini ndiyo hiyo," akasema. "Hata maji haitakimbia tena."

Mfuko wa chokaa uliniponyoka ukapasuka. Nilisimama ndani ya vumbi jeupe.

"Mama, umetuua."

"Si ulisema laini?"

"Laini ya chokaa, mama. Ya kuchora."

Alitazama ule unga mweupe miguuni pangu, kwa dhati kabisa, akijaribu kuelewa.

"Chokaa ya nini? Maji inaona chokaa?"

Hakuna aliyecheka. Nilieleza kwa sauti iliyokuwa inapanda kila sentensi kwamba kesho saa nne meneja anakuja, kwamba mpira hauchezwi juu ya mtaro, kwamba kiwanja kikikataliwa tunafukuzwa. Niliogopa na nilikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyosikika. Mama alingoja nimalize. Kisha akashuka kwenye tuta, akageukia wenzake.

"Maji ikimwagika haizoleki," akasema. "Lakini hii ni mchanga. Inazoleka. Kesho asubuhi mapema, kila mtu na jembe."

Nilishangaa kuliko nilivyoshangaa mtaro. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi wa miaka yote ile, na yeye alikuwa ameshaanza kuhesabu majembe.

Kulipopambazuka walikuwa wamefika. Walirudisha udongo, wakauzoa na kuukanyaga kwa miguu wakiimba na kurukaruka, wanawake wazima wenye wajukuu. Nikaona kazi inaenda vizuri, nikaanza kupumua. Halafu nikamwona mama anakuja na punda, na punda amebeba magunia ya mbolea ya mbuzi.

"Ya nini hiyo?"

"Mchanga ya chini imekuja juu. Bila mbolea hapa haitaota nyasi miaka mingi."

"Mama, meneja anafika saa hii."

"Kwani yeye hajawahi kuona mbolea?"

Gari la kaunti lilipoegesha kando ya kanisa, kiwanja chetu kilikuwa kinanuka zizi, na katikati yake wanawake walikuwa wakicheza ngoma juu ya samadi. Nilitamani ule mtaro ungekuwa bado wazi nijilaze ndani. Mwenyekiti wa wazee alikuwa amekuja pia, amesimama karibu na ukuta wa kanisa, mikono nyuma.

Meneja alikuwa mwanamke mrefu wa kutoka Tanzania, mwenye sauti ya taratibu. Alimwendea mama kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Mzuri sana," mama akajibu.

Meneja akatabasamu, akaanza kutembea. Alipofika katikati mguu wake ulizama hadi kifundoni, kiatu kikabaki ndani. Moyo wangu ulizama nacho.

"Dada, hapa pamepitia nini?"

Sikuwa na uongo wa kutosha kuziba mtaro ule. Nikamwambia yote, laini, pima maji, simu ya Sultan Hamud. Alinisikiliza akiwa amesimama kwa mguu mmoja, na nilipofika kwenye mbolea akaanza kucheka, akacheka hadi akakaa chini kwenye udongo uleule. Nilikasirika. Nilidhani ndiyo mwisho wetu, na kwamba angekwenda kusimulia kwao jinsi Wakamba wanavyolima uwanja wa mpira.

Akauliza mtaro ulichimbwa kwa muda gani. Mama akamjibu: tangu chakula cha mchana hadi jioni. Akauliza ni nani anayewalipa. Wanawake wakatazamana, hawakuelewa swali.

Alitoa kiatu, akakikung'uta.

"Kwenye viwanja vingine nimeahidiwa watu," akaniambia. "Hapa nimewakuta. Tutafanyia mazoezi nusu ya juu mpaka udongo ushikane. Timu yangu inakuja hapa."

Nilimwomba arudie, kama nilivyomwomba yule ofisa kwenye simu. Mwenyekiti wa wazee alikuwa amesogea akasikia. Uso wake sitausahau. Alikuwa kama mtu aliyekaribisha wageni kwa adabu tu, halafu akawaona wanateremsha mizigo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilikuwa nikiusikia msemo huo kwenye harusi bila kuujali. Sasa niliona magoli ya chuma yakisimikwa, ua ukizungushwa, na bomba likichimbiwa kutoka barabarani. Siku maji yalipotoka mara ya kwanza, mwenyekiti wa wazee ndiye aliyekinga mkono kwanza, akanywa, akanawa uso. Kanisa lile lilikuwa likibatiza kwa maji ya mtungi. Habari ya ukumbi kujengwa kiwanjani sikuisikia tena, na msingi wake sasa uko ng'ambo ya barabara.

Wageni walikaa hadi mashindano yalipoisha. Golikipa wao alimfundisha wetu kuanguka bila kuumia. Wasichana wa kwaya waliokuwa wakitupita na vitabu vya nyimbo wakaanza kuchelewa mazoezi ya kwaya, na baadhi yao sasa ni mabeki wangu. Wageni walipoondoka walituachia mipira na koni. Hayo yote niliyatarajia kidogo. Nisilolitarajia ni mama. Kila jioni alikuwa anakuja na kigoda kuangalia kama udongo wake umetitia. Siku moja nikamkuta na meneja wamechuchumaa, wamepanga magunzi ya mahindi chini, mama akiuliza, kwa ukali wa mnunuzi sokoni, ile laini hasa ina kazi gani. Sikuwasogelea. Niliogopa kuharibu.

Mvua zilikuja, zile ambazo zingekuwa mwisho wetu. Jumamosi moja tulikuwa tukicheza na timu ya Zombe, watu wamesafiri kutoka mbali kule Kitui, na chokaa yangu ilikuwa imesombwa usiku. Mistari yote ilikuwa imefutika isipokuwa mmoja. Pale mbolea ilipoingia, nyasi zilikuwa zimeota nzito, kijani kibichi, zimekatiza kiwanja kutoka upande hadi upande, sawa kabisa kama pima maji ilivyosema.

Bado kidogo mechi iishe, mshambuliaji wetu alipokea pasi ndefu akiwa peke yake, akakimbia, akafunga. Msaidizi wa refa akainua kibendera: ameotea. Nilikuwa nimeshainua mikono nikaishusha. Ndipo nikasikia sauti ninayoijua tangu tumboni.

"Refa. Mpira ikipigwa huyo alikuwa bado huku kwetu. Hajavuka laini."

Mama alikuwa amesimama mwisho wa mstari wa kijani, fimbo yake imechomekwa pale ulipoanzia. "Mtu akiwa huku kwao hawezi otea," akaendelea, bila haraka. "Na hii laini mimi ndiye nilipima."

Miaka yote ile hakutaka hata kutamka neno mpira, na sasa anamfundisha refa sheria mbele ya kaunti mbili. Refa aliangalia nyasi, akaangalia kibendera, akaenda akazungumza na msaidizi wake. Kisha akanyoosha mkono kuelekea katikati. Goli.

Wasichana walirukiana. Nilikwenda nikasimama kando ya mama, machozi yananitoka na sijui niyafanye nini. Aliketi kwenye kigoda chake, macho kiwanjani.

"Jumatano tunakuja kwa shamba yako," akasema. "Ile zamu yako bado iko. Na useme mapema unataka laini gani."