Mizinga ya Shangazi na Jina la Muflisi

Jumapili, Desemba. Mvua imenyesha tangu alfajiri. Sasa yanadondoka matone tu kwenye bati.

Mwanangu, jana uliponiambia wakili anakushauri uende mahakamani kuomba utangazwe muflisi, nilikuomba unipe hadi leo. Mimi si mwepesi wa kujibu, na shule yangu iliishia darasa la saba. Leo naandika, na nitakapokosea wakili wako anisahihishe.

Nakumbuka mchana mmoja hapa Tura, nikiwa na umri kama wako, nikienda kwa shangazi na furaha ya mtu aliyetua mzigo. Nilikuwa nimekopa kwa tajiri mmoja wa Tabora mjini, na vijisenti kwa wengine, nikanunua asali ya watu haijaiva, ikachacha yote kwenye mapipa. Haraka yangu ndiyo iliyoniponza, ingawa mvua nayo mwaka ule iliwahi. Karani mmoja akanieleza njia ya mahakama: unakabidhi mali, inauzwa, wadai wanagawana, wewe unapumua.

Shangazi alikuwa uani anachuja nta.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona unacheka peke yako, umepata mchumba?"

Nikamweleza. Akaendelea kukamua kitambaa chake.

"Huyo atakayekuja kuchukua mali, na mizinga ataichukua?"

"Ataichukua. Si mali?"

"Na yangu?"

Mume wake alipofariki, mizinga yake niliitundika porini pamoja na yangu, yote nikaichonga alama yangu. Tulikuwa ndugu, hatukuona haja ya kutofautisha. Na huku kwetu mtu akiona alama kwenye mzinga ameshajua mwenyewe ni nani, haulizi zaidi.

"Nitawaambia ni yako," nikasema.

"Vizuri. Na mimi nitaleta nyuki watoe ushahidi."

Hakucheka. Mizinga ile ndiyo iliyokuwa inamlisha.

"Huyo tajiri umeshamwambia umekwama?"

"Naona aibu, shangazi."

"Na kwa hakimu huoni?"

Tukapanda treni wote wawili. Tajiri alinung'unika sana, mwisho akakubali nimlipe kwa asali, msimu hadi msimu. Aliona heri asubiri kuliko kugawana vipande na wadai wengine. "Ila ikichacha tena," akasema, "utainywa mwenyewe mbele yangu." Ilikuwa misimu mirefu na sikuifurahia. Lakini hao wawili nawaombea dua mpaka leo.

Niliporudi nilipita mti kwa mti, nikachonga alama ya shangazi kwenye mizinga yake.

Sasa nisije nikaonea sheria. Imewekwa kwa ajili ya aliyezidiwa kabisa, na wapo iliowaokoa na kusumbuliwa mlangoni kila siku. Kama na wewe umefika hapo, nenda, sitakuona mpotevu. Lakini ujue unachokabidhi. Jina lako litatangazwa. Ukitaka kukopa tena lazima useme wewe ni muflisi, na sijui nani atakukopesha. Aliyekudhamini hafunguliwi pamoja nawe, watamgeukia yeye. Na ile bodaboda ya mdogo wako, kadi yake si ina jina lako? Huenda mahakama ikamsikiliza, lakini kuthibitisha itakuwa kazi yake, na wakati huo watoto wake watakula nini?

Kwa hiyo, mwanangu, nenda kwanza kwa wanaokudai, mmoja mmoja, useme ukweli kabla hawajausikia kwa wengine. Ukiona aibu nipitie, twende wote. Namshukuru Mungu kwamba umeniuliza mapema. Mimi nilikwenda kwa shangazi nikiwa nimeshaamua. Mungu akufungulie njia, akupe watu wenye subira kama alionipa mimi, na jina lako likae salama.

Jioni tumekula ugali na uyoga wa mvua hii, mama yako kautia karanga. Kisha tukalamba asali kidogo, ya mzinga wenye alama ya shangazi. Tumekubakizia.