Mita Tisini za Dalili

Muhidini wa Misima alibeba masanduku ya sampuli za mawe kwa wachorongaji, watoboa mwamba wakitafuta dhahabu, huko Handeni kwa miaka minne. Kazi ilipokwisha, heshima ilibaki: kijijini kote, yeye ndiye mjuzi wa mambo ya chini ya ardhi.

Kwa hiyo kampuni moja ya kutafuta mafuta ilipotoa taarifa ya kisima chake cha kwanza, dada yake Zamda, mjane, alimletea simu amsomee. Alikuwa na hisa chache za kampuni hiyo, alizoachiwa na marehemu mumewe.

"Wamekuta dalili za mafuta kwenye mita tisini za mwamba," Muhidini alisema. "Mita tisini, Zamda! Unajua urefu huo?"

"Niongeze hisa, kaka?"

"Ukingoja, utawakuta wenzio wameshajaa."

Zamda akauza shamba la machungwa, akanunua hisa. Mwezi wa tatu ikaja taarifa nyingine: kisima kimefungwa na kuachwa, matokeo yanachambuliwa. Bei ya hisa ikaporomoka. Muhidini akamwambia avute subira, lakini yeye mwenyewe usingizi ukamkimbia. Akapanda basi hadi Korogwe kwa Janeth, binti wa kijiji cha Dindira aliyesomea miamba.

Janeth alizisoma taarifa zote mbili polepole.

"Mzee wangu, dalili ni harufu tu. Ukisikia harufu ya pilau kwa jirani, umeshiba? Mafuta yakiwepo ya kuuzika, wanakijaribu kisima, wanasema yametoka mapipa mangapi kwa siku. Hapa chini wameandika wazi: hakikujaribiwa."

Muhidini hakuuliza zaidi. Sentensi ile aliiona tangu siku ya kwanza, akairuka, maana hakuielewa, na mjuzi haulizi. Na "kufungwa na kuachwa" hakuhitaji kufundishwa. Saruji ya kuziba mashimo matupu ya Handeni aliikoroga kwa mikono yake mwenyewe.

Alimkuta Zamda anapepeta mahindi. Akamweleza yote. Dada hakupiga kelele.

"Hayo maneno ya chini uliyaona siku ile?"

Angeweza kudanganya. "Niliyaona."

Zamda akaendelea kupepeta.

Siku hizi anapalilia kwa kibarua michungwa iliyokuwa yake. Wakikutana njiani humsalimu kakaye vizuri tu, kwa adabu zote: "Hujambo, Mzee Muhidini." Neno kaka halijamtoka tena.