Nilivyosinzia kwenye harusi yangu mwenyewe kwa dawa ya kifafa

Wakuu salaam. Humu mkuu ni mimi, nina miaka themanini na kitu, mjukuu ndiye anachapa. Kwa umri huu uongo wa nini?

Haya yalinikuta Amu, yaani Lamu, miaka ya hamsini.

Usichanani nilikuwa naanguka kifafa. Iliyoniokoa ni phenobarbitone, jamii ya barbiturates. Inatuliza mishipa ya fahamu, kifafa hakipandi. Ila usingizi wake, khaa!

Siku hizo kifafa kilikuwa siri ya nyumba. Kikijulikana, huolewi. Kwa hiyo shangazi ndiye aliyekwenda zahanati kuichukua, akidai ni yeye hapati usingizi.

Posa ikaja. Aliyeposa? Dresa, mgawa dawa wa zahanati ile ile! Mama alikonda wiki nzima.

Ikafika siku ya kutazamwa. Kwetu bibi harusi hukalishwa mbele ya wanawake, kapambwa asumini, kafumba macho, hatikisiki. Hofu yangu moja tu: nikianguka pale, siri iko nje na mume sina.

Mama akanipa kidonge. Shangazi, bila kujua, akanipa kingine. Mimi mtu wa kutii, nikameza vyote.

Wakuu, nililala fofofo nimekaa! Nasikia kwa mbali:

"Mashaallah! Mwana ana haya huyu, hata mato hafumbui!"

Vigelegele. Mama mmoja wa Pate alikaa mbele yangu muda mrefu akisubiri nipepese kope tu, akakata tamaa. Miaka mingi baadaye wasichana bado waliambiwa wakae kama mimi.

Wageni wakaondoka, nikabaki na mume wangu. Kusimama, miguu inapepesuka, ulimi mzito. Nikajua yamekwisha.

Akanikalisha taratibu, akauliza:

"Mimi hutoa kimoya kwa siku. Ni nani alokupa viwili?"

Alijua! Kabla hata ya kuleta posa. Kumbe shangazi alikuwa akikoroma kwenye benchi la zahanati, akisubiri dawa ya kukosa usingizi. Mwenzangu akaulizauliza, akajua ni zangu, na bado akaniposa.

Nilicheka mpaka nikalia. Furaha ile sijaisahau.

Funzo: hizi dawa si njugu. Cha ziada kinaweza kukukata pumzi, na kuziacha ghafla ni hatari vilevile. Halafu siri ya ugonjwa mpe anayekutunza. Wangu aliniletea kimoja kila jioni, kwa mkono wake, mpaka alipofariki.

Haya, nanyi mlificha nini siku ya harusi? Semeni, mjukuu ananisomea zote.